Mlima Uko Buhigwe, Msitu Unaanguka Kaliua

Baba mdogo alishika ncha moja ya kamba, kijana wa jirani akashika ncha ya pili, na sisi wengine tukawafuata nyuma kimya, tukipita kati ya migomba. Ilikuwa siku ya kugawa shamba la babu huko Buhigwe, mkoani Kigoma, kwenye mteremko unaotazama mpaka wa Burundi, na ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba jambo hilo limalizwe wazee wangali hai ili lisije kuzaa kesi. Shamba ambalo babu na bibi walililima peke yao, baba zetu walilipokea likiwa vipande vitano, na sasa vipande vile vitano vilikuwa vinakatwa tena kwa ajili ya wajukuu. Kamba ilipofika kwenye sehemu ya mdogo wangu, kitinda mimba wa baba mdogo, yeye alisimama, akautazama ukanda mwembamba wenye kahawa kuukuu juu na maharage chini, kisha akasema kwa heshima kabisa:

"Baba, sehemu yangu wapeni kaka zangu. Mimi nisaidieni nauli ya treni na jembe. Nakwenda Kaliua."

Hakuna aliyembishia.

Kilichoninyima amani kwa majuma mengi baadaye si uamuzi wake, bali nafuu iliyotushukia sote. Vipande vya kaka zake vilipanuka kidogo, wazee waliepushwa na ugomvi, na kijana mwenyewe akapata tumaini la kuwa na ekari zake. Kila mtu aliondoka kwenye mteremko ule akiwa amepata kitu. Nilipokuwa nikirudi Kigoma mjini ndipo swali lilipoanza kunizunguka: kama sote tumepata, ni nani aliyetoa?

## Mkoa unaozaa na mikoa inayojaa

Tumezoea kuzungumzia ongezeko la watu na mazingira kana kwamba mambo hayo mawili hukutana palepale: watoto wanazaliwa kijijini, kijiji kinajaa, mlima wa kijiji unabaki uchi. Picha hiyo ina ukweli wake, na yeyote aliyepita Kasulu au Buhigwe wakati wa masika, akaona maji mekundu yakishuka mabondeni na udongo wa mashamba ya watu, hawezi kuikataa. Lakini nilipokaa na takwimu za sensa, picha hiyo ilianza kunitia shaka.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, wakati ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Ni ongezeko la takriban asilimia 37 kwa miaka kumi. Katika kipindi hichohicho Mkoa wa Kigoma ulitoka watu 2,127,930 hadi 2,470,967, yaani asilimia 16 tu, chini ya nusu ya kasi ya taifa. Tabora, jirani yetu wa mashariki na mkoa wenye Kaliua, ilitoka 2,291,623 hadi 3,391,679, ongezeko la asilimia 48. Katavi, jirani wa kusini, ilitoka 564,604 hadi 1,152,958. Iliongezeka zaidi ya maradufu.

Asiyeijua Kigoma angehitimisha kwamba wanawake wa huku wameacha kuzaa. Sivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Kanda ya Magharibi, yaani Kigoma na Tabora kwa pamoja, ilikuwa na wastani wa watoto 6.7 kwa kila mwanamke, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.2. Ni kweli kwamba kuingia na kutoka kwa wakimbizi kunazivuruga hesabu za mkoa wetu, lakini hakuwezi kueleza pengo lote. Mkoa unaozaa kwa wingi namna hiyo ulipaswa kuwa miongoni mwa mikoa inayojaa haraka zaidi nchini.

Watu hao wapo. Hawapo Kigoma.

Kwa hiyo mtu anayetafuta athari za ongezeko la watu wa Buhigwe kwa kuutazama mlima wa Buhigwe peke yake anaona sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Sehemu kubwa imepanda treni.

## Zamani walikwenda kwenye mkonge

Kuhama kwa Waha, wenyeji wa Kigoma, si jambo la jana. Wakati wa ukoloni Buha, nchi yao, ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi, na vijana walichukuliwa au walijipeleka wenyewe kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wazee wa mteremko wetu bado wanawakumbuka waliorudi na baiskeli na blanketi, na pia wale ambao hawakurudi kabisa. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mema. Kambi za mkonge zilivunja miili ya watu na kuziacha ndoa nyingi zikining'inia.

Lakini manamba alikwenda kuuza nguvu zake. Alilala kambini, akala posho, akarudi na mshahara. Hakuondoka nyumbani ili akafyeke ekari zake mwenyewe mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Nyuzi za viwandani ziliposhusha bei ya mkonge kuanzia miaka ya 1960, mlango ule ukaanza kufungwa taratibu, na haukufunguliwa mwingine wenye upana kama huo.

Jambo hili lilinichukua muda kulielewa vizuri, na naona ndilo lenye uzito kuliko yote niliyoyaandika hapa. Kijana wa 1950 na kijana wa leo wote wawili hawakupata nafasi ya kutosha kwenye shamba la ukoo. Kwa hesabu tupu za watu, hali yao ni moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza aliitwa na kazi ya mshahara, hata kama ilikuwa kazi ya mateso, na wa pili hana wa kumwita, hivyo anakwenda kuitafuta ardhi kwa sababu ardhi ndiyo ajira pekee isiyomwuliza cheti cha kidato cha nne. Idadi ya watu inaeleza kwa nini aliondoka. Haielezi kwa nini alipofika alishika shoka.

## Namna msitu unavyokuwa shamba

Kutoka Kigoma reli ya kati inapita Uvinza, Nguruka na Usinge, kisha inafika Kaliua, mahali ambapo tawi la Mpanda linachepuka kwenda kusini. Si ajabu kwamba stesheni hiyo imekuwa lango la wahamiaji. Pande zote mbili za reli ni nchi ya miombo, yaani misitu ya nchi kavu, na macho ya mtu aliyekulia kwenye ukanda mwembamba wa mlimani huiona kama nchi isiyo na mwenyewe.

Ina mwenyewe. Pia ina masharti yake. Udongo wa miombo kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na una rutuba kidogo. Utajiri wake umehifadhiwa ndani ya miti yenyewe na kwenye majani yanayooza juu ya ardhi. Anayefyeka na kuchoma hupata majivu yanayolisha mazao kwa misimu michache, kisha mavuno hushuka, naye huhitaji kipande kingine. Wanyamwezi wa zamani walilijua hilo na walikuwa na dawa yake: shamba lililochoka waliliacha miaka mingi, na kwa kuwa miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, msitu ulirudi wenyewe. Utaratibu huo ulifaa watu walipokuwa wachache. Wakiongezeka, miaka ya kupumzika hupungua, visiki hung'olewa, na hakuna kinachobaki cha kuchipua. Hapa idadi ya watu inahusika moja kwa moja, na sitaki kulikwepa hilo kwa sababu tu kuna wanaolitumia kuwatukana maskini.

Mhamiaji anapofyeka, miti ya kwanza kuanguka huwa mkaa, kwa kuwa ndiyo fedha ya haraka wakati mahindi bado hayajaota. Kwenye tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 hivi, na nguvu nyingine yote hupotea na moshi. Gunia hilo haliliwi kijijini. Linakwenda Tabora mjini, Mwanza na kwingineko, kwa watu ambao wengi wao nao walitoka vijijini, kwani sasa zaidi ya theluthi moja ya Watanzania wanaishi mijini na wengi wao bado wanapikia mkaa. Mwanamke wa kijijini huokota matawi makavu. Jirani yake aliyehamia mjini anapikia mti mzima. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Ninauunga mkono kwa moyo wote, ingawa bei ya kujaza mtungi wa gesi Kigoma bado haijamwelekea mtu anayenunua mkaa wa kopo.

Baada ya mkaa huja tumbaku. Ile ya mvuke, inayolimwa Urambo, Kaliua na Sikonge, hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa moto unaowaka usiku na mchana takriban juma zima, na moto huo ni kuni. Mkulima wa tumbaku kwa hiyo huukata msitu mara mbili: kwanza kupata shamba, halafu kila msimu kupata moto. Anapofanya hivyo halishi tumbo la kijiji chake, kwa sababu jani hilo huvutwa mbali sana na Kaliua. Nani ahesabiwe mzigo wa mti ule: aliyeukata, au aliyevuta sigara?

Tukirudi nyuma kidogo, tutakuta kwamba Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa 1951. Misitu iliangushwa kwa mitambo wakati ambapo Tanganyika nzima ilikuwa haijafikisha watu milioni kumi. Tena kabla ya hapo, katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa sehemu mbalimbali za Tabora na Kigoma kutoka maporini na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na nyuma yao mbung'o na miti vikafunga njia. Baadhi ya misitu tunayoiita ya tangu enzi na enzi iliwahi kuwa mashamba na makaburi ya watu. Watu walipungua kwa amri, msitu ukaja. Mitambo ikaja kwa amri nyingine, msitu ukaondoka.

Sasa nilikuwa na jibu la swali langu la kwanza. Aliyetoa ni mrina asali wa Kaliua au Sikonge, mwenye mizinga yake ya magome juu ya miyombo, ambaye anahitaji msitu uliosimama na uliotulia ili nyuki wapate maua. Mwingine aliyetoa ni sokwe wa Masito na Ugalla, maana sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za Gombe na Mahale, kwenye mapori haya haya yanayoonekana hayana mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo wetu.

## Ziwa halikukubali

Ningeweza kuishia hapo kama nisingekuwa naishi kando ya Ziwa Tanganyika.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisitishwa upande wa Tanzania ili samaki wapate kuzaliana. Kwa anayeufahamu mji wetu, nikisema mwalo wa Kibirizi ulikuwa mtulivu inatosha. Dagaa na migebuka ndio mshahara wa nusu ya watu ninaowajua, hata wale ambao hawajawahi kupanda mtumbwi. Maelezo yaliyokuwa midomoni mwa wengi yalikuwa rahisi: watu wamekuwa wengi, nyavu zimekuwa nyingi, makokoro yamekomba hadi vifaranga. Ni kweli. Nchi nne zinachota kwenye ziwa moja, na idadi ya walaji imeongezeka pande zote.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha jambo ambalo halina uhusiano na nyavu zetu. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala chini kwenye maji ya baridi. Upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, huyasukuma maji ya juu na kuyafanya ya chini yapande, yakibeba chakula cha mimea midogo sana ambayo ndiyo msingi wa maisha ya dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi na hukaa juu bila kuchanganyika na ya chini, na upepo hauwezi tena kufanya kazi yake kama zamani. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Utafiti mwingine wa 2016, uliosoma tabaka za matope ya sakafuni, ulionyesha kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Joto hilo halikutoka Kibirizi. Mtanzania kwa wastani husababisha chini ya tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani husababisha zaidi ya tani kumi. Mtoto mmoja aliyezaliwa huko analibebesha anga mzigo kuliko watoto wote saba wa jirani yangu.

Mwanzoni niliona kwamba hoja hii inaifuta ile ya kwanza, kwamba basi tusisemwe sisi wenye watoto wengi, wasemwe wao wenye magari. Niliishi na wazo hilo siku kadhaa na lilinipa faraja ambayo sikuiamini. Baadaye niliona kuwa ziwa na msitu vinasema jambo moja. Mzigo wa watu haukai pale watu walipo. Wa kwao unatua kwenye maji yetu, wa kwetu unatua kwenye msitu wa Kaliua, na katika hali zote mbili anayeupokea hana kiti mahali ambapo uamuzi ulifanyika.

## Watu walewale, sheria tofauti

Kigoma haiwezi kuzungumzia idadi ya watu bila kutaja wakimbizi, na mara nyingi huwataja kwa ukali. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, na kuanzia 2015 Warundi wengi waliingia Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Miti iliyozizunguka kambi hizo iliisha, na wanawake walitembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni, wakikutana njiani na hatari ambazo sitazieleza hapa.

Lakini itazameni Ulyankulu, mkoani Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa huko ardhi ya kulima, wakalima, wakauza mazao, na mwaka 2014 wengi wa walowezi hao wa zamani na watoto wao walikabidhiwa uraia wa Tanzania. Waliokuja baadaye walibanwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayowataka wakae kwenye maeneo yaliyotengwa, na mtu aliyefungiwa kwenye eneo moja bila shamba na bila kazi hana kuni nyingine isipokuwa ile iliyo jirani. Ulyankulu nako miti ilikatwa, sikatai. Ila aliyejua kwamba atavuna kesho alikuwa na sababu ya kubakiza kitu, na aliye kambini hakupewa sababu hiyo.

## Gombe ikitazamwa kutoka juu

Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960, wakati msitu ulikuwa umetandaa kando ya ziwa bila kukatika. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu yake kwa ndege ndogo, akaona kisiwa cha kijani kilichozungukwa na vilima vilivyonyolewa. Hifadhi ilikuwa imelindwa vizuri, na bado ilikuwa inakufa, kwa sababu sokwe hawawezi kuishi vizazi na vizazi ndani ya kipande kidogo kisichoungana na msitu mwingine.

Mradi ulioanzishwa mwaka 1994 katika vijiji vya jirani, unaojulikana huku kwa jina la TACARE, ulianza na miti, lakini wanavijiji walipoulizwa wanataka nini hawakuanza na miti. Walitaja afya, maji na shule. Mradi ukafuata. Ukaja na mikopo midogo ya akina mama, ufadhili wa masomo kwa wasichana, wahudumu wa kijijini wa uzazi wa mpango, na baadaye mipango ya matumizi bora ya ardhi iliyochorwa na vijiji vyenyewe, ambamo vilitenga misitu yao na kuiacha ichipue. Leo mtu akipita kwa boti mbele ya Kigalye au Mtanga anaona vichaka na miti michanga kwenye miteremko iliyokuwa imebaki majani na mawe.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini uzazi wa mpango uliotembea pamoja na mikopo na madaftari ulipokelewa, wakati uleule ukihubiriwa peke yake kwenye mikutano ya hadhara huwa unazua minong'ono kwamba watu wa mbali wanataka kutupunguza. Naona mwanamke anatambua haraka sana kama mtu aliyekuja kumtembelea amekuja kwa ajili yake au kwa ajili ya sokwe.

## Swali ambalo shangazi hakuulizwa

Shangazi yangu amezaa watoto tisa, na saba wako hai. Nilipomweleza mambo haya yanayonisumbua, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mimi sikuwahi kuulizwa nataka wangapi."

Nilirudi kwenye ile siku ya kamba kwa jicho jingine. Kamba ilipita kwa wajukuu wa kiume. Hakuna dada yetu hata mmoja aliyekatiwa ukanda, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mwanamke asiye na ardhi yake, anayekaa juu ya shamba la mume wake kwa hisani, ana akiba moja tu ya uzeeni, nayo ni watoto wa kiume watakaokuwa na shamba. Tukimwambia azae wachache bila kumpa kitu kingine cha kusimamia, tunamwomba aitupe akiba hiyo. Kwa miaka mingi nilisikia uzazi mwingi ukielezwa kama ujinga wa wanawake wa vijijini. Ninavyoona sasa, kwa kiasi kikubwa ni hesabu sahihi ya mtu aliyeachiwa njia moja.

Wastani wa uzazi nchini umeshuka, kutoka zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022, na ulishuka zaidi pale ambapo wasichana walikaa shuleni muda mrefu. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliopata ujauzito warudi kwenye masomo, jambo ambalo kwa maoni yangu litakuwa na uzito kwa misitu ya magharibi kuliko kampeni nyingi za kupanda miti, ingawa hakuna atakayeliandika kwenye ripoti ya misitu. Lakini tusijidanganye kuhusu kasi. Vijana ni wengi mno. Hata kama kila msichana wa leo angezaa watoto wawili tu, idadi ingeendelea kukua kwa miongo kadhaa kwa sababu wazazi wa kesho wamekwisha kuzaliwa. Hao ndio watakaogawana mteremko, na kwa hao uzazi wa mpango haubadilishi ukubwa wa shamba.

## Miti iliyorudi Usukumani

Upo mfano unaotajwa mara nyingi kuonyesha kwamba watu wengi na miti mingi vinaweza kwenda pamoja. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudishia Wasukuma heshima ya ngitili, yaani malisho na vichaka ambavyo familia au kijiji hufunga wakati wa mvua ili vifunguliwe wakati wa kiangazi. Mkoa uliokuwa unaitwa jangwa ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 za uoto katika miaka isiyofika ishirini, huku watu wakiongezeka. Kilichobadilika ni uhakika wa mtu kwamba kichaka atakachokifunga kitabaki chake. Naupenda mfano huu na nimeutumia mara nyingi katika mazungumzo.

Safari hii nilisita. Katika miaka ileile, mifugo na wakulima kutoka Usukumani walikuwa wanashuka kwenda Kaliua, Uvinza, Katavi na mbali zaidi kusini. Je, ngitili zilirudi kwa sababu ya haki na utaratibu tu, au pia kwa sababu sehemu ya mzigo ilihamishiwa kwenye miombo ya wengine? Naamini haki na utaratibu vilifanya kazi kubwa. Ila sitautumia tena mfano wa Shinyanga bila kuuliza ng'ombe walikwenda wapi.

## Ramani inayoishia mpakani

Mpango wa matumizi bora ya ardhi huchorwa kwa kijiji. Kijiji cha Kaliua huweka mipaka ya mashamba, malisho na msitu, kikakadiria watu wake watakavyoongezeka, na kabla rangi ya ramani haijakauka wanashuka kwenye treni watu ambao hakuna aliyewahesabu. Wakiingia hifadhini huondolewa, na wakiondolewa huhamia pori linalofuata. Nimewasikia viongozi wakilaumu wahamiaji na wahamiaji wakilaumu viongozi; sijasikia mtu wa Kaliua akiuliza Buhigwe imekwama wapi.

Buhigwe imekwama kwenye mambo yanayojulikana. Mibuni mingi imezeeka na haijapandwa upya. Mabonde yenye maji mwaka mzima yanalimwa kwa jembe la mkono, mara moja tu. Vipande havina hati za kimila, hivyo kijana hawezi hata kukodisha cha kwake kwa uhakika akaenda kujifunza ufundi na kukikuta akirudi. Chuo cha ufundi kilicho karibu hakitoshi hata kwa robo ya wanaomaliza shule. Kila jambo katika hayo linahesabiwa kuwa kilimo, au elimu, au ardhi, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye bajeti ya misitu, ingawa kijana anayebaki Buhigwe akiwa na kazi ni ekari kadhaa za miombo zisizofyekwa.

Ningependa fedha za kulinda msitu wa Kaliua zianze kutumika Buhigwe. Ningependa pia mdogo wangu na wenzake waliokwisha kufika huko wasitendewe kama wavamizi, bali wapewe ardhi inayojulikana, nje ya hifadhi, yenye hati, ili wawe na sababu ya kubakiza visiki. Madiwani wa halmashauri zote mbili hukutana kila robo mwaka, kila upande kivyake, na inawezekana kabisa wakakaa meza moja mara moja kwa mwaka. Wakikaa, nawaomba waanze na orodha ambayo hakuna ofisi inayoitunza kwa sasa: ni vijana wangapi wameondoka kwenye vijiji vya Buhigwe mwaka huu, wamepewa ardhi katika kijiji gani cha Kaliua, na mahali hapo palikuwa na nini kabla yao.